Mnyama Akiokolewa Kibondo, Apelekwe Wapi?

Tuseme leo usiku gari la abiria linalotoka Kibondo kwenda Kasulu linasimamishwa kwenye kizuizi, na nyuma, katikati ya viroba vya maharage, anakutwa mtoto wa sokwe ndani ya kikapu, hai, amefungwa kamba kiunoni. Mwenye mzigo ataingia mikononi mwa polisi, na kuanzia hapo mambo yake yana njia inayojulikana: maelezo, mahabusu, hati ya mashtaka, huenda kesi ya uhujumu uchumi. Mtoto wa sokwe hana njia. Afisa wanyamapori wa wilaya ana ofisi, kabati la mafaili na, akibahatika, pikipiki yenye mafuta. Daktari wa mifugo aliye karibu kazi yake ya kila siku ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Hakuna chumba cha kumtenga mnyama anayeweza kuwa na kifua kikuu, hakuna maziwa yaliyoandaliwa, hakuna mtu aliyezoea kukesha na kiumbe anayelia akitafuta kifua cha mama cha kukamatia.

Mfano huu nimeubuni, ila mapengo yake ni ya kweli. Nyanda za juu za Kigoma, ziliko Kibondo na Kasulu, hazina kituo cha kupokea na kutibu wanyamapori, na hilo linashangaza ukikumbuka kuwa mkoa huu ndio uliowafundisha walimwengu sokwe ni nani. Jane Goodall alishuka Gombe Julai 1960, na utafiti aliouanzisha umeendelea hata baada ya kifo chake Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kusini, kwenye milima ya Mahale, Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kazi yao mwaka 1965, na mahali pale pakawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Sokwe wa Tanzania wanakadiriwa kuzidi 2,000, na wengi wao wanaishi nje ya hifadhi hizo mbili, kwenye misitu ya Masito na Ugalla, jirani na mashamba, mizinga ya nyuki na barabara.

Wazo la kujenga kituo huvutia haraka. Mgeni atakuja, atalipa kiingilio, atamwona tembo yatima akinyonya chupa, atapiga picha, vijana wa kijijini watapata ajira. Nadhani wazo hilo limeanza na mgeni, na mnyama ameongezwa baadaye. Ukitazama vituo vilivyodumu Afrika Mashariki na Kongo, utaona kwamba sehemu inayomponya mnyama na sehemu inayomfurahisha mtazamaji mara nyingi hazikai pamoja, na kwamba Kibondo na Kasulu zinahitaji sana ile ya kwanza, ambayo haina picha nzuri.

Kwanza tuiweke kando sura ya pori la filamu. Hapa hakuna msitu mzito wenye giza mchana na nyoka wanaoning'inia. Sehemu kubwa ya wilaya hizi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na uoto wake mkubwa ni miyombo, mitundu na mininga yenye nafasi ya mtu kupita na baiskeli. Kiangazi majani hukauka na moto hupita karibu kila mwaka. Ardhi inashuka kuelekea mashariki hadi Pori la Akiba la Moyowosi na mabwawa ya mto Malagarasi, ambako korongo nyangumi husimama majini bila kutikisika na nzohe hukanyaga juu ya mafunjo. Eneo la Malagarasi-Muyovozi liliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza kutoka Tanzania, likiwa na kilomita za mraba 32,500. Ubelgiji nzima inaingia humo na nafasi ikabaki. Mnyama anayeumia katika eneo la ukubwa huo, mara nyingi haonwi na mtu. Anayeonwa ni yule aliyekaribia watu: aliyenaswa na tanzi la waya ukingoni mwa shamba, aliyekimbia moto akaangukia kwa mbwa, au mtoto aliyebaki hai baada ya mama kugeuka kitoweo.

Hapo kwenye kitoweo ndipo kiini cha habari kilipo. Tangu vita vya Burundi vya 1993 na vya Kongo vilivyofuata, Kasulu na Kibondo zimepokea watu kwa mamia ya maelfu: Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 na kuwapokea Wakongo, Mtabila iliyofungwa 2012, Kanembwa, Nduta, Mtendeli iliyofungwa 2021. Mgao wa chakula ulikuwa unga, maharage, mafuta na chumvi. Nyama haikuwamo. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti kuhusu kambi za Kigoma na Kagera, likieleza jinsi nyamapori ilivyopikwa gizani ili harufu na moshi visimpeleke mtu kwa askari. Kambini waliiita viungo vya usiku. Kwa makadirio yaliyotajwa humo, katikati ya miaka ya 1990 kambi kubwa 2 zilikuwa zikila tani 7.5 za nyama haramu kila wiki. Si haki kuwatwika wakimbizi mzigo wote. Walionunua walikuwamo, na wenyeji waliowinda na kuuza walikuwamo pia, na waliopanga mgao usio na nyama kwa watu waliokaa miaka kumi na zaidi nao wana sehemu yao. Waandishi wa ripoti walilisema hilo bila kificho: mtu mwenye njaa ya nyama, aliyezuiwa kulima na kufanya kazi nje ya kambi, ataitafuta nyama ilipo.

Mtoto wa mnyama ni mabaki ya biashara hiyo. Mwindaji hamfuati mtoto wa sokwe. Anamwua mama kwa ajili ya nyama, au kwa sababu ameingia kwenye migomba, na mtoto anang'ang'ania maiti. Kwa kuwa hana nyama ya kutosha sufuria, anakuwa na thamani akiwa hai. Kwa hiyo kila yatima anayefikishwa kituoni ni taarifa ya vifo vilivyokwisha kutokea, na kituo, hata kiwe bora kiasi gani, kinafika baada ya tukio.

Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura ilikuwa kwa miaka mingi mlango wa sokwe waliotoka Zaire. Baadhi walisafirishwa mbali, wengine waliishia majumbani na madukani mjini. Mmoja wao, Poco, alikaa miaka 9 ndani ya kizimba chembamba kilichotundikwa juu ya karakana ili kuvuta wateja. Kizimba hakikumruhusu kukaa wala kujinyoosha. Aliweza kusimama tu. Hadi leo wanaomsimulia hutaja jambo lile lile kwanza: anatembea wima kwa miguu miwili, mabega nyuma, kama mzee anayekagua shamba lake, wakati wenzake wanakwenda kwa vifundo vya mikono. Watazamaji humcheka kwa mapenzi. Huo mwendo ni ulemavu.

Taasisi ya Jane Goodall ilikuwa na nyumba ya muda ya sokwe pale Bujumbura. Vita vilipopamba moto, ilibidi wahamishwe, na hapo likaja jambo ambalo msomaji wa Kigoma atalistaajabia. Hawakuvushwa ziwa kuja Tanzania, kwenye nchi ya sokwe. Walipelekwa Laikipia, Kenya, nchi isiyo na sokwe wa porini hata mmoja, kwenye kituo cha Sweetwaters kilichofunguliwa 1993 ndani ya eneo la Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Kenya ilikuwa na uzio, fedha za utalii na mamlaka ya wanyamapori iliyokubali. Hata hivyo, umbali ule ulikuwa na faida yake. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulipoukumba mkoa wa Kigoma, uliingia Gombe. Sokwe walikufa, wengine wakabaki wakiburuta mkono au mguu, na watafiti wakaweka chanjo ndani ya ndizi kuwaokoa waliobaki. Mafua ya binadamu yamewaua sokwe wa Gombe na Mahale zaidi ya mara moja. Sasa mchukue sokwe aliyelelewa na watu miaka 5, amekohoa nao, amekula sahani moja nao, umpeleke kwenye msitu wa Masito ukidhani unamrudisha nyumbani. Unaweza kuwa umepeleka ugonjwa kwa mamia ili kumfurahisha mmoja. Kwa sokwe, basi, Kigoma ni mahali pabaya pa kujenga kituo cha kudumu, kwa sababu ile ile inayoufanya mkoa uwe maarufu.

Watetezi wa kurudisha wanyama porini wana jibu, na jibu lao haliko mbali. Liko kaskazini-mashariki ya Kibondo, ndani ya Ziwa Viktoria: Rubondo. Kati ya 1966 na 1969 Jumuiya ya Zoolojia ya Frankfurt, chini ya Bernhard Grzimek, iliwaachia pale sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Wengine walikuwa wamefungwa miezi michache, wengine miaka 9. Hawakufundishwa kutafuta chakula wala kujenga viota. Masanduku yalifunguliwa, wakatoka. Kwa mujibu wa kila mwongozo ulioandikwa tangu wakati huo, jaribio lile lilipaswa kushindwa. Halikushindwa. Watoto walianza kuonekana 1968, na kizazi cha waliozaliwa kisiwani kikakua kikiwaogopa watu kama sokwe yeyote wa porini. Leo ni kundi kubwa, na tangu miaka ya 2010 hifadhi imekuwa ikiwazoesha taratibu ili watalii waweze kuwafuata. Hata kasuku wa kijivu walionaswa kwenye biashara haramu waliachiwa Rubondo mwaka 2000.

Habari hiyo hupendwa sana, na wanaoisimulia huruka kurasa mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya madume walishambulia watu na wakapigwa risasi. Mnyama aliyepoteza hofu ya binadamu ana nguvu zile zile za mnyama wa porini, na hana tena sababu ya kukimbia. Ya pili ni kwamba wale 17 kwa sehemu kubwa walikuwa wa asili ya Afrika Magharibi, damu nyingine kabisa na ile ya sokwe wa mashariki walioko Gombe. Hilo halikudhuru kitu kwa sababu Rubondo ni kisiwa: maji pande zote, hakuna simba wala chui, hakuna sokwe wenyeji, hakuna vijiji ndani. Kibondo haina kinga ya namna hiyo. Anayesema Rubondo iliwezekana kwa hiyo Moyowosi itawezekana, amesahau ziwa.

Kisiwa kingine kinatoa somo la upande wa pili. Ngamba, kilomita 23 kutoka Entebbe, ilifunguliwa 1998 kwa ajili ya mayatima waliokamatwa Uganda na majirani zake. Sasa ina sokwe wapatao 50 kwenye hekta zisizozidi 40 za msitu. Msitu huo hauwezi kuwalisha, kwa hiyo wanapewa chakula mara kadhaa kwa siku, na majike hupewa dawa za uzazi wa mpango ili idadi isipande. Wageni husimama kwenye jukwaa lililoinuliwa, matunda yanarushwa, sokwe wanadaka, wengine wananyoosha mkono kuomba kama watu wa sokoni. Ni safari nzuri na sina neno baya juu yake. Lakini tuseme wazi tunachokiona pale: ni nyumba ya wazee. Sokwe hunyonya miaka 4 au 5, huishi 50 na zaidi akitunzwa, na karibu wote wa Ngamba watafia Ngamba. Anayepokea mtoto mmoja leo ameahidi chakula, dawa na mlezi hadi wajukuu zake mwenyewe wawe watu wazima. Ukimweleza diwani jambo hili kwa lugha ya bajeti ya halmashauri, atakuelewa haraka kuliko ukimweleza kwa huruma.

Kwa tembo hesabu ni tofauti, na ndiyo maana kituo cha Sheldrick cha Nairobi, kilichoanzishwa 1977, kimekuwa kipimo cha wengine wote. Daphne Sheldrick, aliyefariki 2018, alitumia miaka mingi kutafuta maziwa. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe humharisha ndama wa tembo hadi kufa. Dawa ilipatikana kwenye maziwa ya unga ya watoto yaliyotiwa mafuta ya nazi. Jambo hilo dogo la jikoni ndilo lililotenganisha kufa na kupona, na lingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya wanyamapori ya wilaya, kwa sababu mwananchi mwenye roho nzuri atakayemkuta ndama wa tembo pembezoni mwa Moyowosi, kitu cha kwanza atakachokimbilia ni maziwa ya ng'ombe. Nairobi, mgeni hupewa muda wa saa moja tu, asubuhi, kuwatazama wadogo wakinyonya na kujipaka tope. Kazi ngumu inafanyika baadaye, Tsavo, ambako tembo huachwa wachanganyike na wa porini kwa miaka kadhaa, wakienda na kurudi, hadi siku mmoja anaacha kurudi. Hatua hiyo haina ratiba, na watalii wachache sana huiona. Fedha ya mgeni imelipia kitu ambacho hatakiona, na naona huo ni mpango wa heshima.

Pale fedha ya mgeni inapotaka kuonyeshwa kila kitu, mambo huharibika. Afrika Kusini ina mashamba ya simba yaliyojitangaza kwa miaka kama makazi ya mayatima: mgeni anambeba mtoto wa simba, analipia, na mtoto akikomaa anaingia kwenye uwindaji wa ndani ya uzio. Si lazima Kigoma ifike huko. Lakini kishawishi kinaanza na jambo dogo, na linajulikana na kila anayeongoza wageni: mnyama anayekubali kushikwa analeta fedha kuliko mnyama anayejificha, na mnyama anayepona vizuri ni yule anayejificha. Gombe mgeni anavaa barakoa, anakaa umbali wa mita 10, anaondoka baada ya saa moja. Kituo cha mayatima kinachotaka kumpa zaidi ya hapo kijieleze kwanza.

Kongo inaonyesha kitu kingine, hatari ya kuwa na kitu chenye thamani mahali pasipo na usalama. Rumangabo, makao makuu ya hifadhi ya Virunga, yatima wa gorila wa milimani hulelewa katika kituo cha Senkwekwe. Picha ya 2019 ya gorila wawili waliosimama nyuma ya mlezi kama ndugu kwenye harusi ilizunguka dunia; mmoja wao, Ndakasi, alikuwa ameokotwa 2007 akiwa mtoto wa miezi 2 kwenye mwili wa mama yake aliyeuawa, na alikufa Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Vita vimezunguka lango la kituo kile mara nyingi. Lwiro, karibu na Bukavu, inalisha sokwe zaidi ya 100 katika mazingira hayo hayo. Lubumbashi, Septemba 2022, watu waliingia usiku katika kituo cha J.A.C.K., wakaiba watoto watatu wa sokwe na kudai fidia. Usisome hayo ukadhani Kigoma ni Kivu, haiko hivyo. Lakini mpaka wa Burundi uko karibu, silaha zimewahi kupita, na mnyama ambaye bei yake inajulikana mtandaoni anahitaji askari wa usiku pamoja na mlezi. Kongo hiyo hiyo pia imetoa mfano wa subira: mwaka 2024 gorila majike wanne wa nyanda za mashariki, waliolelewa na kituo cha GRACE kwa zaidi ya miaka 10, waliachiwa Mlima Tshiaberimu kujiunga na kundi dogo lililokuwa linakaribia kutoweka. Wanne, baada ya muongo mzima. Hiyo ndiyo kasi ya kazi hii.

Nyumbani, kikwazo cha kwanza kina sura ya karatasi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, amekabidhiwa Rais kwa niaba ya wananchi. Anayemshika bila kibali ana nyara ya Serikali, hata kama nia yake ilikuwa kumfunga bandeji. Sheria hiyo ina mantiki. Bila hiyo kila jangili angekuwa muuguzi. Kwa nyama, utaratibu umezoeleka: inaorodheshwa, hakimu anaiona, amri inatoka, inateketezwa. Kwa mnyama hai mambo huwa magumu, kwa sababu kidhibiti kinakula, kinaharisha na kinakua. Tuliona ugumu huo kwa ukubwa baada ya kisa cha tumbili 61 waliokuwa wasafirishwe kwenda Albania mwaka 2016. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje, uamuzi mzuri, lakini waliokuwa tayari kwenye mabanda ya wafanyabiashara wakabaki humo humo. Mwaka 2022 lilipotolewa tangazo la kuruhusu waliobaki wauzwe nje ndani ya miezi 6, watu walipiga kelele na tangazo likasitishwa mara moja. Kelele zilikuwa za haki. Ila miaka yote 6 katikati, wanyama walikuwa mabandani, na hakuna aliyekuwa ameandaa mahali pa kuwapeleka.

Kuna mnyama mmoja anayeonyesha vizuri kuliko sokwe na tembo kinachohitajika hapa, naye ni kakakuona. Akionekana kijijini, popote Tanzania, habari inafika wilayani kabla ya chakula cha mchana. Wazee wanaitwa, mbele yake huwekwa maji, nafaka, pengine mkuki au kisu, na watu wanangoja aelekee wapi ili wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa njaa au wa vita. Simu zinarekodi. Kakakuona amejikunja kama mpira, na kila saa inayopita anazidi kudhoofika. Hali nafaka. Hali chochote zaidi ya sisimizi na mchwa, na anawachagua mwenyewe. Ukimweka bandani na bakuli, atakufa kwa njaa pembeni ya chakula. Zimbabwe, shirika la Tikki Hywood hulitatua hilo kwa njia isiyo na ujanja wowote: kila kakakuona ana mtu wake, na mtu huyo kazi yake ni kutembea naye porini saa nyingi kwa siku, hatua chache nyuma, huku mnyama akichimba, akilamba, akisimama kunusa, mikono ya mbele imeinuliwa kifuani kama mtu anayetafuta maneno. Hakuna jengo la kumwonyesha mgeni. Kuna mtu mwenye viatu vizuri na subira. Tangu uamuzi wa 2016 aina zote 8 za kakakuona zimo kwenye daraja la juu la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, na bado sehemu kubwa ya wokovu wake inategemea mtu wa namna hiyo na mchwa wa kutosha, na mchwa miyombo ya Kasulu inao.

Kinachowezekana, basi, ni kidogo na hakina bango. Kasulu, iliyo kwenye lami ya Kidahwe–Kibondo–Nyakanazi na si mbali na uwanja wa ndege wa Kigoma, inafaa kuwa na nyumba ya vyumba vichache vya karantini chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori inayosimamia pia Moyowosi, na daktari mmoja wa wanyamapori anayejua kutumia bunduki ya sindano ya usingizi. Mnyama akae hapo kwa muda wa vipimo, kwa sokwe miezi mitatu hivi, kisha aende kunakostahili. Anayeweza kurudi porini arudi karibu na alikotoka, usiku, bila kamera. Asiyeweza asafirishwe kwenda kituo cha kudumu nje ya nchi ya sokwe. Makubaliano na vituo hivyo yaandikwe kabla ya mnyama wa kwanza kufika, maana barua za wizara mbili za nchi mbili hazijibiwi kwa kasi ya mtoto mwenye homa. Kibondo, iliyo jirani na Moyowosi, ifunze askari wa vijiji kutoa tanzi na kusafisha kidonda palepale, kwani mnyama aliyenaswa mguu mara nyingi hahitaji kwenda popote. Anahitaji saa moja ya usingizi, koleo la kukatia waya, na aachwe.

Fedha ndiyo sehemu inayonitia shaka. Mpango wa TACARE, ulioanza 1994 katika vijiji vya pembezoni mwa Gombe kwa vitalu vya miti, mikopo midogo na mipango ya matumizi ya ardhi, umefanya zaidi kuzuia yatima wasipatikane kuliko kituo chochote ambacho kingeweza kujengwa, na bado ulipata pigo pale Marekani ilipofunga misaada yake ya maendeleo mwaka 2025. Kazi ya kulisha mnyama miaka 50 haiwezi kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Reteti, kituo cha tembo cha jamii ya Wasamburu kilichoanzishwa 2016 kaskazini mwa Kenya, kilipata ahueni pale kilipoacha kutegemea maziwa ya unga kutoka nje na kuanza kununua maziwa ya mbuzi kwa kina mama wa hapo hapo. Fedha ikazunguka kijijini, na jirani akawa na sababu ya kutaka ndama apone. Kasulu ina mbuzi na ina kina mama wafanyabiashara hodari. Wanaoweza kuuza maziwa, ndizi na muhogo kwa karantini wapo, na hilo lingewafaa kuliko kuwauzia shanga wageni wasiokuja.

Limebaki swali ambalo vituo vingi havipendi kulizungumza hadharani, nalo ni la wanyama wa kukataliwa. Tumbili na nyani wako tele Kigoma, na wengi hukamatwa wakiwa wadogo na watoto wanaowafunga kamba na kuwalisha mahindi. Kituo kikifungua mlango bila masharti, ndani ya miaka michache kitakuwa kimejaa nyani wakubwa wenye hasira, wasioweza kurudi porini wala kuchanganywa, na siku kakakuona au chui mwenye tanzi atakapoletwa hakutakuwa na chumba wala dawa. Daktari atalazimika kuwa na ruhusa, kwa maandishi na kutoka juu, ya kumlaza moja kwa moja mnyama asiye na tumaini, na atakayetia sahihi ruhusa hiyo ajulikane kwa cheo chake. Wilaya itakayokubali kuandika orodha hiyo ya kukataa kabla ya kununua tofali la kwanza, itakuwa imeanza vizuri.